Ufunguzi wa filamu yangu: mbona kila mtu anamwona mama mnyonge, wakati yeye ndiye mwenye nguvu?

BintiKibosho (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naomba mwenye uzoefu wa kamera na taa anisaidie.

Natengeneza filamu fupi ya dakika 12. Sina kamera, natumia simu. Siku za kazi niko kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Moshi, kwa hiyo tunashuti Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa bibi yangu Kibosho.

Hadithi ni ya mjane. Mume amefariki, mtoto wa kiume hana, na shemeji yake anakuja kumwambia kwamba ukoo utakaa kikao ili kihamba, yaani shamba la ukoo, kiuzwe. Mbege, ile pombe ya ndizi, ya kikao hicho anaipika yeye mwenyewe, ndizi ziko jikoni zinachemka. Mtazamaji hajui bado, lakini mama ameshaamua kwamba hautauzwa hata mgomba mmoja. Alfajiri hiyo, kabla shemeji hajafika, amezunguka mpaka mzima wa shamba akipandikiza upya isale, mmea wetu wa kuwekea mipaka. Sini ya isale inakuja dakika ya tisa. Ninachotaka ni ufunguzi utuoneshe mtu aliyekwisha kuamua, bila yeye kutamka neno.

Nimeupiga hivi. Shoti ya kwanza ni kihamba chote, migomba na kahawa, nyumba kwa mbali, sekunde nane. Ya pili tuko ndani ya jiko la kuni, mama amekaa kwenye kigoda anachochea moto, anaonekana yeye na jiko lote. Ya tatu shemeji amesimama mlangoni. Hapo nilichuchumaa alipokaa mama ili tumwone jinsi mama anavyomwona. Ya nne ni uso wa mama kwa karibu kabisa, anainua macho kumtazama shemeji.

Jiko lile ni giza, kwa hiyo niliazima taa mbili za LED kwa jamaa anayepiga harusi, nikaziweka kulia na kushoto kwa kamera. Kila kitu kilionekana vizuri, hata mimi nilifurahi.

Nikawaonesha watu sita pale dukani. Watano wamesema neno lile lile: "Masikini huyu mama." Wa sita alidhani shemeji ameleta msaada. Hapo ndipo nilipoumia. Bibi yangu alibaki na watoto wanne kwenye kihamba hicho hicho, na tangu nipate akili sijamwona akiwa mnyonge hata siku moja. Siwezi kumpeleka kwenye skrini akiwa mtu wa kuhurumiwa.

Wiki iliyopita nilimwambia mwigizaji akaze uso zaidi. Akawa mkali tu, kama mtu mwenye ugomvi. Mtu aliyeamua hafanani hivyo, mtu aliyeamua ametulia.

Je, tatizo ni shoti au ni taa? Au ni hadithi yenyewe?

Kijana_Ngarenaro (Arusha)

Dada, pole na kazi. Mimi napiga video za muziki. Kabla hatujaenda mbali: traipodi ulisimamisha kwa urefu gani? Lenzi ipi ya simu? Mlango wa jiko unatazama wapi? Na mwanga uliufunga, au simu ilikuwa inajirekebisha yenyewe?

BintiKibosho

Asante kaka. Traipodi ilikuwa usawa wa kifua changu. Nilitumia lenzi ile pana zaidi kwa sababu jiko ni dogo, sikuwa na pa kurudi nyuma. Mlango unatazama mashariki, na kuna dirisha moja dogo la mbao. Mwanga sikuufunga. Shemeji akiingia picha inafifia, halafu inang'aa yenyewe.

Sauti_ya_Pasua (Moshi)

Kwa nini usiweke sauti ya mama akisimulia mwanzoni? "Mimi ni mjane, lakini siogopi." Watu wataelewa moja kwa moja.

BintiKibosho

Nashukuru kaka yangu. Skripti ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, tukaisoma kwa sauti na bibi akiwa amekaa pale pale. Akauliza, "Huyo anamwambia nani kwamba haogopi?" Nikafuta.

MzeeSanawari (Arusha)

Binti, nimepiga video za harusi na misiba hapa Arusha tangu enzi za kanda za VHS. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Hadithi yako ni nzima na mwigizaji wako muache alivyo. Tatizo ni urefu wa kamera na zile taa mbili.

Tuanze na kamera. Kigoda cha jikoni kina kimo cha sentimita thelathini hivi. Mtu akikikalia, macho yake yanakuwa kama mita moja hivi kutoka sakafuni. Kamera yako ilikuwa kifuani, mita moja na robo. Maana yake tangu tulipoingia jikoni sisi sote tumesimama, tunamtazama mama kwa juu, kama mpita njia aliyechungulia. Na ni nani mwingine anayemtazama mama kwa juu? Shemeji. Umetukopesha macho ya shemeji kabla yeye mwenyewe hajafika. Halafu alipofika, ukachuchumaa ukampa urefu wa mti wa mringaringa. Watu wako sita hawakukosea, wamesoma ulichowaandikia.

Shusha kamera. Iweke juu ya kigoda cha pili, usawa wa macho ya mama au chini yake vidole viwili. Usiende chini zaidi ya hapo, maana ukimpiga kutoka sakafuni atakuwa mnara badala ya mtu, na mtazamaji atahisi unamlazimisha.

Lenzi ile pana pia iache. Inasukuma kila kitu kwenda mbali; jiko linageuka ukumbi na mama anakuwa kidoa katikati. Chukua lenzi ya kawaida, rudi mpaka mgongo uguse ukuta. Pakiwa hapatoshi, toka nje upigie dirishani.

Sasa taa. Taa moja kulia, moja kushoto, hizo ni taa za harusi. Naziheshimu, zimenisomeshea watoto. Kazi yake ni kumpa kila mtu uso ulio sawa, kuanzia bibi harusi hadi shangazi wa meza ya mwisho, ili asiwepo wa kulalamika. Lakini jikoni kwa mjane, ukimulika kila kitu sawasawa, mtazamaji hana cha kutafuta. Macho yake yanaenda kwenye masizi, kwenye sufuria iliyobonyea, kwenye bati lenye tundu. Anahesabu umaskini. Ndiyo hiyo "masikini" uliyoambiwa.

Jiko lako lina mianga miwili tu ya haki: mlango na moto. Mlango ni wa watu wa nje, ukoo na kikao chao. Moto ni wa mama. Yeye ndiye anayeuwasha, anauongeza, anaupunguza. Zima LED. Mkalishe mama ubavu kwa mlango, shavu moja lipate mwanga wa nje, la pili lipate moto. Halafu shemeji aje, na usimmulike hata kidogo. Akisimama mlangoni mwili wake utaziba mwanga na shavu la mama litazimika. Mtazamaji ataona mama amenyang'anywa kitu hata kabla ya salamu. Na mama, bila kuinua macho, anasukuma kuni moja ndani. Uso unarudi, safari hii kwa moto wake peke yake.

Ile shoti ya kuinua macho iondoe kabisa. Anayeinua macho haraka ni yule aliyekuwa anangoja. Acha shemeji angoje yeye.

Hili nilijifunza kwa kuitazama The Godfather ya mwaka 1972 mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Inaanza na uso wa mtu mmoja kwenye giza tupu, mwenye kazi ya mazishi, anaeleza aliyofanyiwa binti yake. Kamera inarudi nyuma polepole, karibu dakika tatu nzima, mpaka kinatokea kisogo na bega la mtu anayesikiliza. Uso wake hatujauona, lakini tumeshajua mkubwa wa chumba ni nani: ni yule ambaye mwenzake anammwagia moyo na yeye hajatikisika. Na alipoonekana, mpiga picha Gordon Willis alikuwa ameweka taa juu ya kichwa, macho ya Marlon Brando, aliyeigiza mkubwa huyo, yakazama kwenye kivuli. Unamwona, humsomi. Huko nje, wakati huo huo, kuna harusi kwenye jua kali.

Mama yako mpe kisogo hicho. Shemeji azungumze akiwa mdogo mlangoni, na bega la mama lijaze robo ya picha mbele yetu.

BintiKibosho

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikiwa nimesimama dukani na mteja ananisubiri. "Umetukopesha macho ya shemeji", sikuwahi kuwaza hivyo.

Nimejaribu jana jioni kwa dada yangu badala ya mwigizaji. Matatizo mawili. Moto wa mafiga unamulika uso kutoka chini, anaonekana kama mzimu. Pia dada yangu ni mweusi sana, na simu inajitahidi kumng'arisha mpaka mlango unaungua, unakuwa mweupe tu.

MzeeSanawari

Marahaba mwanangu.

La kwanza ni umbali. Akiwa amekaribia moto, miali inapanda kidevuni na kuingia puani, hapo ndipo uzimu unapotoka. Msogeze nyuma, kama mita moja na nusu kutoka kwenye mafiga, na kidogo pembeni. Miali itakuja imelala zaidi. Ila mwanga utapungua kuliko unavyodhani: ukizidisha umbali mara mbili, inabaki robo. Kwa hiyo tafuta balbu ya njano ya zamani, ya wati 60, uifiche nyuma ya sufuria ya ndizi, juu kidogo ya moto. Mtu mmoja akae chini apitishe vidole mbele yake polepole, itachezacheza kama moto wenyewe.

La pili. Simu haijui kwamba ule ni uso. Inataka picha nzima iwe na wastani wa kijivu, basi ikiona giza inaongeza. Bonyeza skrini kwenye shavu la mama, shikilia mpaka mwanga ufunge, kisha ushushe kidogo kwa kidole. Usihangaike kumfanya mweupe. Ngozi nyeusi huiangazii ili iwe nyeupe, unaipa kitu cha kuakisi. Apake mafuta ya mgando kidogo kwenye mfupa wa shavu na paji la uso, mwanga uje kutoka ubavuni, utaona mstari unaong'aa umechora uso wote. Mwanga wa mbele kwa mbele unaifuta mistari hiyo.

Na hili naliweka kwa sababu linaniuma. Sisi tuliosoma picha kwenye filamu za mkanda tuliamini weusi wetu ndio mgumu kupiga. Miongo mingi maabara zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Kipimo kilikuwa ngozi yake. Sura ya bibi yako haikuwa na kasoro yoyote.

Kama utawasha balbu ya umeme, weka simu picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50; ukipiga 30 unaweza kupata mistari inayopanda na kushuka ukutani.

Kijana_Ngarenaro

Naongezea kwenye ngozi. Dada, itafute La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Meli inafika Ufaransa, msichana Diouana anashuka, amevaa vizuri, tunasikia mawazo yake akijiuliza kama kuna mtu anamngoja. Baadaye yumo ndani ya nyumba ya matajiri wake, kuta nyeupe kila upande, na unahisi kuta zile zinambana. Weusi wake haukufichwa wala haukupaushwa, ndio unaobeba picha.

MamaWaUru (Moshi)

Mimi si mtu wa kamera, nimeingia kwa sababu ya neno kihamba. Nimeolewa Uru, nimepika mbege miaka mingi, na jiko kama hilo nalijua kwa pua.

Mwanangu, moshi. Ukitumia kuni kavu kabisa hakuna moshi, na jiko litaonekana la kuigiza. Weka kijiti kimoja kibichi. Asubuhi mwanga ukipenya kwenye nyufa za mbao unakutana na moshi, unaona miali imesimama ndani ya jiko kama fito. Nimeiangalia tangu nikiwa binti, ni kitu kizuri sana. Ila dirisha liwe wazi, mwigizaji asikohoe.

Jingine ni mikono. Umesema alfajiri alikuwa anapandikiza isale. Basi udongo uko wapi? Mtu aliyezunguka mpaka mzima na jembe ana udongo kwenye kucha na kwenye pindo la kanga. Huku kwetu isale ni mpaka, na ni msamaha pia, kila mtu analijua jani lile. Mtazamaji wa Lindi hatalijua, lakini udongo mbichi kwenye vidole vya mtu anayepika ataushangaa. Utuoneshe vidole kabla ya uso.

MzeeSanawari

Mama, umemaliza. Binti, fuata hilo la vidole. Shoti ya kwanza ya mtu si lazima iwe uso. Akionwa vidole kwanza, anajulikana kwa kazi yake. Akionwa uso kwanza, tunaanza kumhukumu kwa sura.

BintiKibosho

Wapendwa, tumerudia Jumamosi. Naandika nikiwa bado nanuka moshi.

Hali ya hewa ilikuwa ile ya Julai, ukungu na manyunyu tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa. Mwanga wa mlangoni ulikuwa laini lakini hafifu, na shemeji aliposimama pale tofauti kwenye shavu la mama ilikuwa ndogo, huioni mpaka uambiwe. Tulisubiri mpaka saa tano, jua halikutoka. Nikakumbuka zile LED. Tukazipeleka nje, mita tatu kutoka mlangoni, tukafunga shuka jeupe kati ya migomba miwili mbele yake. Kwa ndani ilionekana ni asubuhi tu. Shemeji alipoziba mlango, jiko zima lilinyamaza. Nasema lilinyamaza kwa sababu hata sisi tuliokuwa nyuma ya kamera tuliacha kunong'ona.

Mama akakoroga, akasukuma kuni. Uso ukarudi. Sikumwelekeza chochote kuhusu sura yake, nilimwambia tu asiache kukoroga mpaka shemeji aseme neno la tatu.

Nimewaonesha wale wale sita. Mmoja bado amesema masikini. Wanne walikaa kimya mpaka mwisho. Yule aliyedhani shemeji ameleta msaada, ni dereva wa bodaboda, ameuliza: "Huyu jamaa anataka nini kwa huyu mama?" Alikuwa ameudhika kweli.

Limebaki moja. Shoti ya kwanza ya kihamba chote, niibakize pale mwanzoni?

Kijana_Ngarenaro

Ibakize. Picha pana inamweka mtu kwenye nchi yake. Angalia Hatari! ya Howard Hawks, waliipiga huku kwetu Arusha, ikatoka mwaka 1962. Inaanza na tambarare, magari na kifaru anakimbizwa. Huhitaji kuambiwa hawa ni akina nani, unaona nani yuko kwenye usukani na nani amekaa nje kwenye kiti cha mbele ya gari na kamba mkononi.

MzeeSanawari

Ni kweli kwa filamu ile. Pale nchi ni uwanja wa kazi, na watu wanajulikana kwa wanavyokimbia juu yake. Ila hata yenyewe tazama nani hajulikani: wenyeji wa nchi wamo, lakini ufunguzi haukuwa na haja ya kutuambia ni akina nani. Kwa binti hapa, kihamba ndicho kinachogombewa. Ukikionesha kabla ya mama, ni shamba zuri tu, hata shemeji angelipiga picha hiyo hiyo ampelekee mnunuzi. Kioneshe baada ya shemeji kuondoka, kutokea ndani ya jiko, kupitia mlango ule ule alioziba. Mlango mweusi pande zote, kihamba katikati kinang'aa.

BintiKibosho

Nimehamisha usiku huu huu. Sasa filamu inaanza kwenye giza. Inasikika mbao ya dirisha inafunguliwa, mwanga unaingia kwenye moshi, halafu vidole vyenye udongo vinasukuma kuni. Kisha mgongo, kisha shavu. Uso wa mama wote unaonekana sekunde ya 19.

MzeeSanawari

Vidole umevipa sekunde ngapi?

BintiKibosho

Nne.

MzeeSanawari

Ongeza mbili.